Vijiti vya Tangsteni vya Buluu kwa Kuchomelea TIG: Ubora Ulio Usoni

Mafundi wengi wa kuchomelea kwa TIG, yaani kwa cheche ya umeme itokayo kwenye kijiti cha tangsteni ndani ya gesi ya kukinga, hununua vijiti vyekundu (rangi ni alama ya aina) kwa mazoea, ilhali vya buluu, yaani tangsteni iliyochanganywa na oksidi ya lanthanamu kiasi cha asilimia 2, vinastahili kuchukua nafasi yake. Nimevitumia vya milimita 2.4 kwenye mabati na mabomba ya stenlesi kwa umeme wa DC. Cheche hushika mara moja hata kwa ampea chache, na ncha iliyochongwa hudumu kuliko ya kijiti cha kijani, cha tangsteni tupu, ambayo hugeuka kitone mapema.

Ubora huo unatokana na utando wa atomi ngeni unaofunika uso wa ncha, ambao unene wake ni wa atomi moja tu au pungufu. Elektroni huhitaji nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ndogo mno) 4.5 hivi ili ichomoke kwenye tangsteni safi na kuwasha cheche. Thoriamu, iliyomo katika vijiti vyekundu, ikinata juu ya uso huo, kiwango hushuka hadi karibu 2.6, na cha ajabu ni kwamba hata thoriamu yenyewe ikiwa peke yake hudai takriban 3.4. Sababu ni kwamba kila atomi iliyonata huiachia tangsteni sehemu ya chaji yake hasi, ikabaki chanya kwa upande wa nje, na mpangilio huo huzivuta elektroni zitoke. Irving Langmuir wa General Electric alilichunguza jambo hili kwenye nyuzi za tangsteni zenye thoriamu katika miaka ya 1920. Lanthanamu hufanya kazi hiyohiyo bila mionzi iliyo katika thoriamu, na kwa fundi anayenoa vijiti kwenye jiwe la kusagia huku vumbi likimrukia usoni, sababu hiyo pekee ingetosha.

Kasoro ya vijiti vya buluu ni kwamba havivumilii uzembe. Atomi za usoni hupeperuka kwa joto na nafasi yake hujazwa na nyingine zinazopanda kutoka ndani, lakini oksijeni ikinata mahali hapo hutenda kinyume: huvuta elektroni kuelekea nje na kuzidisha ugumu wa kuzing'oa. Ndiyo maana argoni, gesi inayoikinga ncha dhidi ya hewa, iachwe ipulize kwa sekunde kadhaa baada ya kuzima, hadi ncha ipoe; anayeifunga haraka ili kubana gharama ya gesi ataiona ncha imegeuka samawati au manjano, na cheche inayofuata itasuasua.

Kuhusu uuzaji, baadhi ya maduka hufungua paketi na kuuza kimojakimoja, ilhali rangi hupakwa ncha moja tu. Chagua chenye rangi isiyokwaruzwa, kisha unoe ule upande mwingine.