Moto au mlipuko? Uchambuzi wa MythBusters

Mugonile Mbeya, kamwene Iringa, salamu Njombe, Songwe na Rukwa. Leo mezani kuna MythBusters, kipindi cha Marekani kilichoanza Discovery Channel mwaka 2003, na toleo lake la kwanza likafungwa 2016. Wenye kipindi ni Adam Savage na Jamie Hyneman, wawili waliotoka kwenye karakana za kutengeneza mbinu za sinema. Kazi yao ni kuchukua jambo ambalo watu wanaliamini, au tukio la kwenye filamu, na kulijaribu hadharani. Mwisho wanatoa hukumu moja kati ya tatu: imevunjwa, inawezekana, au imethibitika.

Tuanze na ile ambayo kila aliyekulia kwenye kibanda umiza pale Mwanjelwa anaijua. Steringi anafyatua risasi moja, inaingia kwenye tangi, gari la adui linapaa juu likiwa moto mtupu. MythBusters walipiga risasi za kawaida kwenye tangi la mafuta. Matokeo yake ni tundu na petroli inayovuja, basi. Moto walikuja kuupata kwa risasi maalumu, zile zinazowaka njiani kumwonyesha mpigaji zinakoelekea.

Sababu ni hii, na ukiishika utaangalia kipindi kizima kwa jicho jingine. Petroli ya maji haiwaki, unaowaka ni mvuke wake, tena kwa kipimo. Kwenye hewa mvuke uwe kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Chini ya hapo umepungua, juu ya hapo umezidi na hewa haitoshi. Ndani ya tangi lenye mafuta mvuke umezidi, kwa hiyo hakuna kinacholipuka humo.

Sasa ligeuze. Pipa tupu la lita 200 lililobeba petroli ni hatari kuliko lililojaa. Mililita 15 tu zikibaki chini, yaani kijiko kimoja cha chakula, zikigeuka mvuke zinakaribia kulifikisha pipa zima kwenye kipimo cha kulipuka. Fundi wa kuchomelea anayekata pipa ili atengeneze jiko au hori la ng'ombe, kalinusa akaona halina kitu, huyo ndiye yuko kwenye hatari ambayo sinema haijawahi kuionyesha. Mafundi makini wanaliosha kwa sabuni na maji ya moto, halafu wanalijaza maji hadi karibu kabisa na mstari wa kukatia, vifuniko vyote vikiwa wazi. Nafasi ya hewa ikibaki ndogo, mvuke unakosa pa kukusanyika. Kulipepea kwa mdomo au kuliacha juani siku moja hakutoshi, kwa sababu mafuta yanajificha kwenye kutu na kwenye mikunjo ya chuma.

Twende kwenye ule moto mkubwa wa rangi ya chungwa wenye moshi mweusi. Hiyo ni petroli iliyorushwa hewani kwa baruti kidogo kisha ikawashwa. Waandaaji wa filamu wanaipenda kwa sababu inawaka polepole, kamera inaifaidi, na joto ndilo kubwa kuliko mshindo. Kilo moja ya petroli ina nishati takriban mara kumi ya kilo ya TNT, ile baruti kali ya kijeshi, lakini petroli inasubiri hewa ndipo iungue. TNT haisubiri: mlipuko unapita ndani yake kwa mita 6,900 hivi kwa sekunde. Kinachoua hapo ni wimbi la mshindo, hewa iliyobanwa ghafla, na wimbi hilo mara nyingi hulioni kabisa.

Watu wa Chunya wanaofanya kazi kwenye maduara ya dhahabu hawahitaji kuambiwa. Baruti ikipigwa kwenye mwamba unaona vumbi na mawe, huoni moto wa chungwa. Kwa hiyo bomu la mkono kwenye filamu likitoa mpira wa moto wenye ukubwa wa nyumba, ujue umetazama petroli.

Hapo ndipo kipindi hiki kinapong'ara. Kwenye majaribio yao ya milipuko wanaweka vipimo vya mgandamizo kwa umbali tofauti, wanatumia kamera zinazopunguza mwendo, na wanakuwa na mtaalamu wa milipuko kama Frank Doyle, mstaafu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Na ile ya steringi kukimbia huku mlipuko ukimfuata mgongoni, jibu liko wazi kwamba wimbi la mshindo halikimbiliki. Linaanza kwa kasi kubwa kuliko sauti, na sauti yenyewe inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kadiria nguvu yake kwa PSI, kipimo cha mgandamizo kile kile cha upepo wa tairi: PSI 1 hivi inavunja vioo, na kwenye PSI 5 ngoma za masikio zinaanza kupasuka. Fundi pancha anajaza tairi la bodaboda kwa PSI 30 hivi. Yaani sehemu ya sita ya upepo wa tairi, ikikupiga ghafla, inatosha kukupasua sikio.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe ukiwa na simu. Kwenye video yenye picha 25 kwa sekunde, katika muda wa picha moja sauti inasafiri kama mita 13.6. Simamisha video mwanga unapotokea, sogeza picha moja moja hadi mshindo usikike, zidisha idadi kwa 13.6. Umepata umbali wa kamera kwa mita. Kwenye sinema nyingi jibu ni sifuri hata kama mlipuko uko ng'ambo ya bonde, maana sauti imebandikwa baadaye.

Kasoro zipo na nazisema. Utaratibu wao una hatua mbili: kwanza wanajaribu jambo kama lilivyosimuliwa, kisha likishindikana wanatafuta kinachohitajika ili matokeo yapatikane. Hatua ya pili ndiyo inayoleta mlipuko mkubwa, na mtazamaji anaondoka akikumbuka huo. Mfano ni lile lori la zege. Swali lilikuwa kama baruti inaweza kubandua zege lililogandia ndani ya pipa la lori. Lakini linalokumbukwa ni mwisho wake, kilo 385 hivi za baruti na lori kutoweka. Inapendeza macho, ila haijibu swali lolote.

La pili ni uchache wa majaribio. Kwenye ile ya miayo kuambukizana walitumia watu 50. Kati ya 34 walioonyeshwa miayo, 10 walipiga, na kati ya 16 ambao hawakuonyeshwa, 4 walipiga. Ni asilimia 29 dhidi ya 25, wao wakatangaza imethibitika. Hapana. Kwenye kundi la pili angepiga miayo mtu mmoja tu zaidi, ingekuwa asilimia 31 na hukumu ingegeuka. Majaribio yao ya vyuma na baruti yaaminini zaidi ya yale ya tabia za watu.

Na msiige. Desemba 2011 risasi ya mzinga waliyoilenga kwenye mapipa ya maji huko California ilikosa shabaha, ikatoboa nyumba ya watu na kuishia kwenye gari. Hakuna aliyeumia, lakini hao walikuwa kwenye uwanja wa polisi na wataalamu pembeni.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Anza na ile ya simu kuwasha moto kituo cha mafuta. Simu haikuwasha kitu, hatari iliyobaki ni cheche ya umeme tuli, na ndiyo maana dumu la plastiki linajazwa likiwa chini ardhini, halijazwi likiwa juu ya pikapu. Kisha tazama ya tangi na risasi, ukiikumbuka barabara yetu ya TANZAM. Lori la mafuta likipinduka Kitonga halitalipuka papo hapo kama kwenye sinema, na utulivu huo ndio unaowavuta watu na madumu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na mteremko, unalala mtaroni ukisubiri cheche. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa hivyo.

Kila kipindi ni kama dakika 45, kwa Kiingereza. Kwa ubora wa 480 kinakula MB 300 hadi 400, basi pakueni usiku kwa kifurushi cha bei nafuu.