Mashine ya oksijeni ya kukodi tuliyosafiri nayo na mtoto: nzito, ina kelele, na ningeikodi tena

Kabla ya likizo nilitafuta sana maoni ya mzazi aliyesafiri na mtoto mdogo anayetumia oksijeni, nikakuta karibu wote wanaosifia hizi mashine za kubeba ni watu wazima, wanasema nyepesi, unaivaa begani unasahau kama unayo, betri inakaa siku nzima. Mtoto mdogo ni habari nyingine kabisa, ndio maana nakaa kuandika.

Wetu ana miaka miwili na nusu. Alizaliwa njiti wiki ya 26 na mapafu yake mpaka leo hayajakaa sawa, mchana anakaa bila oksijeni ila akilala anatumia nusu lita kwa dakika. Miaka yote hii hatujawahi kwenda popote kupumzika kama familia, dada yake ana miaka minane na likizo zake zote kazimalizia nyumbani au kwenye benchi la kliniki. Mwaka huu tukasema twende. Dada mtu alitaka milimani, daktari wa mapafu akasema hapana, kadiri unavyopanda juu ndivyo oksijeni inavyopungua, tafuteni ufukweni. Tukamweleza akaelewa, na namshukuru sana mtoto yule.

Sasa ndege. Wengi hawajui kwamba ndani ya ndege ikiwa juu hewa inakuwa kama ya mtu aliyepanda mlima wa hadi mita 2,400 hivi, yaani ni kama unavuta hewa yenye oksijeni asilimia 15 badala ya 21. Daktari alimfanyia kipimo, akavutishwa hewa ya hivyo akiwa amekaa kwenye mapaja yangu, kwenye skrini oksijeni ya kwenye damu ikashuka kutoka asilimia 96 mpaka 87 ndani ya dakika chache. Basi ikaandikwa kwenye ndege atumie lita moja mwanzo mwisho, akiwa macho au amelala.

Mtu wa kwanza niliyempigia kukodi alitaka kunipa ile ndogo ya kilo mbili na kitu, inayosifiwa kila mahali. Nikamuuliza inatoaje oksijeni, akasema inatoa kila mara mtu anapovuta pumzi. Hapo ndipo penyewe wazazi wenzangu naomba mtulie. Ile ndogo inasubiri isikie pumzi ndio irushe, na mtoto mdogo pumzi yake ni ndogo na ya haraka, akilala ndio kabisa, mashine inaweza isisikie kitu. Mtoto wa umri huu anahitaji inayotoa mfululizo bila kusubiri. Kama anayekukodisha hajui hiyo tofauti, tafuta mwingine. Mimi nilitafuta.

Wa pili ndio alitupa hii. Inatoa mfululizo kuanzia nusu lita mpaka lita tatu, ina tairi na mkono wa kuvutia kama begi la safari, na ni nzito, kilo nane na zaidi, ngazi za ndege baba yake aliibeba mikono yote miwili huku mimi nimembeba mtoto na mpira wa puani umetuunganisha wote. Haina mtungi ndani, inavuta hewa ya kawaida inachuja naitrojeni inabaki oksijeni, ndio maana mashirika ya ndege yanaikubali wakati mtungi wako mwenyewe wengi wanaukataa. Angalia iwe na ile stika yenye maandishi mekundu inayosema imetimiza masharti ya FAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, sisi tuliulizwa hiyo stika mara mbili. Fomu ya daktari tulituma mapema, usisubiri mpaka yabaki masaa 48 kabla ya safari.

Ninalowalaumu waliotukodisha ni betri. Tuliambiwa masaa matano kwa betri moja. Bahati nzuri niliijaribu nyumbani wiki moja kabla, kwa lita moja mfululizo ikazima baada ya masaa matatu na dakika kumi. Nilivyowapigia wakasema hayo matano ni kwa ule mtindo wa kusubiri pumzi, ambao kumbe hii nayo inao, sasa mbona hamkusema na mnajua ni ya mtoto? Safari yetu ni masaa manne angani, na shirika linataka betri za kutosha mara moja na nusu ya muda wa safari, yaani masaa sita, ukiweka na kukaa kusubiri na ndege kuchelewa betri mbili hazitoshi. Waliomba radhi wakaleta ya tatu siku hiyo hiyo bila kuongeza hela, hilo nawapa haki yao. Betri za spea zote zinaingia kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo, na ikiwa betri moja inazidi 100 Wh (kipimo cha umeme inaohifadhi, kimeandikwa juu yake) lazima shirika liruhusu kwanza.

Kelele ipo. Inanguruma usiku kucha, tukaisogeza kwenye korido ya chumba na mpira mrefu, mlango wazi, akalala vizuri sisi ndio tulichelewa kuizoea. Siku ya tatu ndani ya gari, mtoto akiwa amelala, ilipiga alamu kwa joto, kumbe blanketi lilikuwa limeziba sehemu inakovutia hewa, kipimo cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu kikaonyesha 89 nikahisi moyo unanitoka, tukasimama tukaiweka wazi na kubadilisha betri ikarudi 95. Tangu hapo nilikuwa naishika kwa mkono kila baada ya dakika chache. Mchanga nao ni adui, kichujio nilikiosha siku mbili mbili. Na pua ikikauka usipake mafuta ya mgando, mafuta na oksijeni ni moto, tumia jeli ya maji. Watu walipowasha kuni jioni tulikaa mbali, mita tatu na zaidi.

Ila jamani, kuna asubuhi moja walikaa wawili kwenye maji ya kufika kifundoni, dada kamshika mdogo wake mikono yote miwili, mashine iko kivulini nyuma imezimwa kwa sababu mchana haihitaji, wanapiga kelele kila wimbi likija. Nilikaa pale kama lisaa zima sijaangalia kipimo hata mara moja.

Tumeshaiweka oda tena kwa likizo ijayo, ile ile. Safari hii nimeandika kabisa betri nne, na ile chupa ya maji ya kuipa hewa unyevunyevu ije humo humo badala ya kuanza kuitafuta tukiwa huko.