Nimelipa laki na nusu watoe maonyo ya draiva, wakayaficha

Jamani hili nimeshindwa kulimeza. Nina mizani ya kidijitali ya kupimia alizeti pale soko la Kibaigwa, draiva yake, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta, niliandika mwenyewe kwa lugha ya C miaka hiyo na ilikuwa haina shida. Nilipohamia kompaila mpya (ile inayogeuza kodi uliyoandika iwe programu) ikaanza kumwaga maonyo kila penye strncpy, amri ya kunakili maneno, maana GCC, ndo kompaila yenyewe, kuanzia toleo la 8 la 2018 hailifumbii macho hilo, na msimu ndo ulikuwa unaanza sina muda, nikapeleka kazi kwenye ofisi moja hapa Dodoma mjini. Baada ya siku chache imerudi safi, onyo hata moja hakuna, nikawasifia kwa kila mtu.

Tukafunga mizani ya pili. Ya kwanza inaitwa "Kibaigwa Mizani", herufi 15, ya pili nikaiita "Kibaigwa Mizani2", na bafa ya jina, ile nafasi ya kuliwekea, ni baiti 16, herufi moja baiti moja. Risiti zikaanza kutoka jina likifuatiwa na takataka, mzee mmoja kaleta magunia yake toka asubuhi akakataa kabisa kuipokea, akasema mnataka kuniibia. Mbele za watu! Niliumia sana.

Nafungua kodi ya draiva usiku, strncpy zote zipo vilevile! Walichofanya ni kuongeza neno moja tu kwenye Makefile, faili la maelekezo ya kompaila: -Wno-stringop-truncation, yaani onyo hilo usilitoe. Yaani fundi gari kachomoa balbu ya taa ya oili halafu anakukabidhi funguo. Herufi 16 zimejaza bafa yote, ile sifuri ya kumalizia, inayoonyesha jina limeishia wapi, imekosa pa kukaa, basi printa inaendelea kusoma kilichopo mbele, na kompaila ilikuwa inanipigia kelele kuhusu hilo hilo.

Nampigia kijana aliyefanya, ananijibu, "Sista, onyo siyo kosa, kwani haikompailiki?" Akakata simu.

Nikakesha nayo mwenyewe. Nyingi nimeweka strscpy badala yake, ipo kwenye keneli, kile kiini cha Linux, tangu 2015, sifuri inaiweka kila mara na jina lisipoenea inakurudishia alama ya kosa -E2BIG ujue limekatwa. Ila haijazi baiti zinazobaki kama strncpy, kwa hiyo ile struct (kifurushi cha data) inayokwenda nje ya keneli nimeipa strscpy_pad, inayoyajaza sifuri, nisije nikavujisha mabaki ya kumbukumbu.

Nilitaka niwape nyota sifuri, lakini niseme kweli, kesho yake kijana alituma meseji kwamba ningebadilisha zote kichwakichwa ningeharibu, kuna fildi, sehemu ya data, ya baiti 8 inayotumwa kwenye kifaa na kifaa hakitaki sifuri mwishoni. Na ni kweli, pale strscpy ingekata herufi ya nane, nimeweka memcpy, inayonakili baiti zote kama zilivyo. Nikalainika kidogo, nikasema basi nyota mbili.

Halafu nikawaza, kumbe anajua! Alijua ipi ibaki na ipi ibadilishwe, akachukua laki na nusu yangu akazima taa. Hapana, nyota moja, na hela yangu naitaka.