Filta ya bwawa la koi baada ya miezi minane: ya sandukuni na ya majini

Hamjambo na karibuni tena. Niko nyuma ya nyumba hapa Kiamunyi, Nakuru, saa moja asubuhi, na hiyo sauti mnayoisikia ni maji yakirudi bwawani. Sogea karibu mwanangu, waonyeshe samaki kwanza, hawa koi, samaki wa mapambo. Yule mweupe mwenye mabaka mekundu anaitwa kohaku. Huyu wa rangi ya dhahabu anayekuja juu ni ogon. Yule mweusi mwenye nyekundu na nyeupe, anayejificha chini ya jiwe, ni showa. Majina ni ya Kijapani kwa sababu rangi hizi zilianzia kwa wakulima wa mpunga wa milima ya Niigata, waliokuwa wakifuga samaki aina ya kapu kwa kitoweo, wakaona wengine wanazaliwa na madoa, wakawachagua na kuwazalisha. Ndugu yake ndiye yule kapu wa rangi ya tope anayevuliwa Naivasha.

Kila anayeingia hapa macho yake yanakwenda kwa samaki. Leo naomba mtazame lile sanduku jeusi kando ya mgomba. Hilo ndilo ninalolichambua, kwa sababu samaki wazuri nimeona kwa watu wengi hapa mjini, na miezi mitatu baadaye nikiuliza, naambiwa walikufa.

Ni seti ya pampu ya kuzama majini, sanduku la filta lenye sponji tatu, na taa ya UV, yaani ya miale ya urujuanimno, ya wati 11 ndani yake. Niliinunua shilingi 14,500, pamoja na mita tano za bomba. Jina nimelifunika na utepe. Seti za namna hii zinafanana sana, zinabandikwa majina tofauti tu, kwa hiyo nitakayosema yatakufaa hata kama yako imeandikwa jina lingine.

Tuanze na namba kubwa iliyo mbele ya sanduku: lita 5,000 kwa saa. Bwawa langu lina urefu wa mita tatu, upana wa mita mbili, kina cha mita moja na robo hivi, na ukiondoa ule mteremko wa kingo linabeba karibu lita 6,000. Kwa koi, maji yote yanatakiwa yapite kwenye filta angalau mara moja kila saa mbili. Ukisoma sanduku utasema pampu hii inatosha na kubaki.

Sasa chukua ndoo ya lita 20, ile ya rangi, ioshe vizuri. Ipandishe mpaka pale bomba linapoingilia filta. Usipimie chini. Fungua saa ya simu, ujaze. Siku ya kwanza nilipopima na bomba walilonipa, la inchi moja kasorobo, ndoo ilijaa kwa sekunde 29. Piga hesabu: hiyo ni kama lita 2,480 kwa saa. Nusu ya walichoandika.

Hawajadanganya, ila wamepima mahali ambapo wewe hutatumia. Ile 5,000 ni pampu ikisukuma maji bila kuyapandisha popote. Geuza sanduku, kuna mchoro mdogo unaoonyesha kadiri unavyoyapandisha maji ndivyo yanavyopungua, na yakifika mita mbili na nusu hayatoki kabisa. Kipimo cha kupanda huanzia kwenye uso wa maji, hata kama pampu imelala chini kabisa. Mimi kutoka uso wa maji hadi mdomo wa filta ni sentimita 90. Halafu bomba jembamba nalo linabana.

Bomba nilibadilisha. Nikatafuta la inchi moja na nusu, mita mbili tu badala ya tano, bila kona. Tupime sasa hivi mbele yenu. Haya, bonyeza. Inajaa, inajaa... simamisha. Sekunde 23. Hiyo ni zaidi ya lita 3,100 kwa saa, pampu ni ile ile, stima ni ile ile. Kama kuna kitu kimoja nitawaomba mfanye wiki hii ni hicho cha ndoo.

Namba ya pili kubwa: "bwawa hadi lita 10,000." Njoo na kamera upande huu wa chini, karibu na mafundisho ya kufunga. Mnaona hayo maandishi madogo? Bila samaki, lita 10,000. Na samaki, 5,000. Na koi, 2,500. Robo! Koi anakula sana, anachafua sana, na akitunzwa anavuka sentimita 60. Samaki huyu unayemnunua akiwa na urefu wa kidole anaweza kuishi miaka zaidi ya 25. Wanaofuga kwa makini humhesabia kila koi mkubwa lita 1,000 za maji. Kwa hiyo seti hii, peke yake, haikuwa ya bwawa langu. Aliyeniuzia hakuniambia, na mimi sikugeuza sanduku.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopoteza samaki.

Nilichimba bwawa, nikatandika ile karatasi nyeusi nzito ambayo wakulima hutandika mabwawa ya maji ya mvua, nikajaza maji ya kisima, nikawasha filta Jumamosi. Jumapili nikaleta koi tisa. Niliambiwa filta inaanza kazi ukiichomeka tu. Wiki ya pili wakaanza kusimama juu wakipumua kwa haraka, mapezi yamebanwa mwilini. Kwa siku tatu walikufa watano. Niliwazika hapo chini ya mgomba.

Kilichowaua ni amonia. Samaki huitoa hasa kwa matamvua, pale anapopumulia, kila saa, na mabaki ya chakula yakioza yanaongeza. Sponji haiondoi amonia. Wanaoiondoa ni bakteria wanaoota juu ya sponji: wa aina moja wanaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi na mimea inaila. Bakteria hao wanahitaji wiki nne hadi nane kuongezeka, na maji yakiwa ya baridi kama ya kwetu wanachelewa zaidi. Filta mpya ni nyumba ambayo wapangaji hawajahamia.

Na sisi wa Bonde la Ufa tuna shida yetu ya ziada. Maji mengi ya visima huku yana magadi. Maji hayo hayo ndiyo yenye floraidi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Yangu yalipima pH 8.4; pH ni kipimo cha uchachu au umagadi wa maji, na 7 ndiyo katikati. Sasa sikilizeni: amonia majini iko kwa sura mbili, na moja tu ndiyo sumu kali. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sura hiyo haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8.5 inafika kama asilimia 15. Maji yetu ni ya baridi kuliko hapo, kwa hiyo hupungua kidogo, lakini mnaona mwendo wake. Kiasi cha amonia ambacho samaki wa mahali pengine angekipita bila shida, hapa kinamchoma matamvua.

Kwa hiyo kabla ya samaki, nunua kipimo cha maji cha matone. Kuna vile vijikaratasi vya kuchovya, lakini matone ya kwenye chupa yanasoma vizuri zaidi. Pima amonia, naitraiti na pH. Acha filta izunguke, weka samaki wawili wadogo, walishe kidogo sana, pima kila siku. Amonia na naitraiti zikipanda, zikashuka zote mpaka sifuri na kubaki hapo, ndipo uongeze wengine. Kama una rafiki mwenye bwawa lenye afya, mwombe kipande cha sponji yake chafu. Ni zawadi kubwa kuliko samaki.

Taa ya UV nitaisifu bila kusita. Bwawa langu linapigwa na jua kuanzia saa nne, na wiki ya tatu maji yalikuwa ya kijani kama supu ya mboga, sikuona samaki hata mmoja. Niliwasha taa, siku ya tisa nikaona jiwe la chini. Inaua mwani unaoelea ukipita mbele yake. Mwani wa nyuzi, ule unaoshika mawe, haupiti kwenye taa, kwa hiyo huo nautoa kwa kijiti, nauzungusha kama tambi. Balbu inaishi takriban saa 8,000, yaani ukiiwasha usiku na mchana haimalizi mwaka. Itaendelea kuwaka bluu lakini nguvu imeisha, na watu hapo hudhani filta imeharibika. Kabla hujalipa, fungua uangalie kitako cha balbu. Hii ina pini mbili, wanaiita G23, na balbu zake zinapatikana. Ukikuta kitako cha ajabu, achana na seti hiyo. Na usiitazame ikiwa wazi, inaumiza macho.

Sponji ni udhaifu wake. Ile laini ya tatu ilianza kulala na kubanana mwezi wa tano, maji yakawa yanapita juu yake badala ya ndani yake. Nimeitoa. Mahali pake nimeweka yale mawe mepesi yenye matundu ya volkano, ambayo sisi tunaoishi chini ya Menengai tunayakanyaga tu. Nimeyaosha mpaka yakaacha kutoa vumbi. Kila jiwe lina matundu mengi ya bakteria kukaa, na hayaozi. Nikaongeza pipa la plastiki la lita 200 lililojaa mawe hayo hayo, maji yanatoka kwenye sanduku, yanapita pipani, ndipo yanarudi bwawani. Hilo pipa ndilo lililoniwezesha kufuga koi sita hapa bila kipimo kusoma amonia.

Sponji mbili zilizobaki naziosha kwa maji ya bwawa, kwenye karai. Usizipeleke mferejini. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini iliwekwa humo kuua bakteria, itaua na wako.

Kuna jambo la hatari ambalo mafundisho yao hayasemi. Walichora pampu imelala chini kabisa ya bwawa. Bomba likichomoka usiku, au sponji ikiziba na sanduku likafurika, pampu itaendelea kusukuma maji nje mpaka bwawa likauke, na wewe umelala. Mimi nimeinyanyua juu ya kreti, sentimita 40 kutoka chini. Uchafu wa chini kabisa nautoa mwenyewe kila wiki kwa bomba la kunyonya, lakini lolote likitokea samaki watabaki na maji. Na waya wowote unaoingia majini, mwite fundi wa stima aweke swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Watoto hupenda kuchezea maji.

Stima: pampu ni wati 60, taa 11. Jumla wati 71, usiku na mchana, ni kama uniti 51 kwa mwezi. Zidisha na bei ya tokeni zako kabla hujachimba. Pampu haizimwi usiku, kwa sababu bakteria wanahitaji maji yenye hewa. Alfajiri ndipo hewa majini huwa chache zaidi, kwani mwani na mimea inaitumia usiku kucha, na Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyembamba. Stima ikipotea, nina kipampu kidogo cha hewa cha betri, na siwalishi mpaka irudi.

Je, ununue? Kama bwawa lako halizidi lita 2,500 na una koi wawili, nunua, badilisha bomba, utafurahi. Kama ni kubwa kama langu, nunua ukijua utatengeneza na pipa. Kama ni la lita 10,000 kwa sababu umeona namba hiyo mbele ya sanduku, tafadhali rudisha pesa mfukoni kwanza. Pampu yenyewe ni imara. Miezi minane nimeifungua mara mbili tu kutoa nywele za mizizi.

Wape chakula sasa, mwanangu. Kidogo, kile watakachomaliza kwa dakika chache. Taratibu, waje wenyewe. Mnamwona kohaku, anakula mkononi mwake? Huyo ni mmoja wa wale wanne waliobaki.