Hospitali ya CBCA Ndosho, Goma: huduma nyota 5, usalama siwezi kuwapa

Nimechelewa kuandika hii ila lazima niseme. Mdogo wangu alipigwa risasi ya paja mwisho wa Januari 2025, zile siku waasi wa M23 wanaingia mjini, tukampandisha kwenye pikipiki tukamkimbiza Ndosho na risasi bado zinalia. Getini kuna ile alama ya bunduki imekatwa mstari, yaani silaha inabaki nje, na mimi pale ndo nilipumua mara ya kwanza siku hiyo.

Ndani kumejaa mbaya. Watu chini kwenye korido, wengine kwenye mahema, mjini maji hakuna umeme hakuna, na stoo ya dawa ya CICR, yaani Msalaba Mwekundu wa kimataifa, ilikuwa imeporwa, lakini madaktari wa pale na wale wa CICR walipasua watu mchana na usiku, mdogo wangu akaingia chumba cha upasuaji usiku ule ule na mguu ukabaki! Hatukulipa hata faranga moja. Hakuna aliyeulizwa kabila wala upande, raia amelala karibu na mwanajeshi na nesi ni yule yule anabadilisha bandeji za wote, na ndivyo sheria za vita za Geneva za 1949 zinavyotaka, ukishajeruhiwa wewe ni mgonjwa basi. Manesi wale wana familia zao kwenye hizo kartie, yaani mitaa, zilizokuwa zinapigwa mabomu jamani, na walikuja kazini. Aksanti sana kwao.

Sasa usalama. Usiku wa 28 Februari, Umoja wa Mataifa wenyewe walisema, M23 waliingia wakachukua wagonjwa 116 Ndosho na 15 Heal Africa, hospitali nyingine ya hapa Goma, eti ni wanajeshi wa serikali au Wazalendo, wale wapiganaji wanaosaidia jeshi. Mtu ana dripu mkononi! Sisi tulikuwa tumesharuhusiwa. Baraza la Usalama lina azimio namba 2286 la tangu 2016 la kulinda hospitali na waganga, sawa, ila usiku ule getini alikuwepo nesi na mlinzi asiye na kitu. Baada ya hapo kwenye kartie yetu kuna kijana alikaa na kidonda nyumbani mpaka kikanuka, anaogopa kulala hospitali.

Mdogo wangu sasa anatembea na fimbo. Tuliporudi kwa kontrole, daktari aangalie kidonda, alisimama getini kwanza, akaniuliza kama ndani kuna mtu ana bunduki.