Kitabu cha Nyimbo za Mymensingh: Je, Ununue?

Karibuni tena jamani. Leo nina hiki hapa, ngoja nikisogeze kwenye kamera: Eastern Bengal Ballads, juzuu ya kwanza. Chuo Kikuu cha Calcutta kilikitoa mwaka 1923. Hii yangu ni chapa ya juzijuzi tu. Jalada mnaliona? Jina ni moja, Dinesh Chandra Sen. Shikeni hapo.

Ndani mna tenzi 10 za Mymensingh, upande ambao leo ni Bangladesh. Aliyezihangaikia vijijini si profesa Sen. Ni Chandra Kumar De, kijana wa kimaskini aliyeajiriwa kwenye duka la kijijini kwa rupia 1 kwa mwezi, na hata hapo akafukuzwa. Akapata kazi ya kukusanya kodi za mashamba, rupia 2. Sasa utamu uko hapa: mdai kodi hafanyi kazi ofisini, anawafuata wakulima huko huko waliko. Basi kwenye kudai ndipo alipozisikia nyimbo, akawa anaziandika. Mwaka 1913 makala zake zikaanza kutoka kwenye jarida la Saurabh. Sen akazisoma, akamsaka, na mwishowe chuo kikamlipa rupia 70 kwa mwezi azunguke kukusanya nyimbo tu. Sabini!

Nyimbo zenyewe? Anza na Mahua. Binti aliibwa akiwa mchanga na Humra, mkuu wa wanasarakasi wa kuhamahama. Anakua, anampenda kijana wa Kibrahmini, yaani wa tabaka la juu la Wahindu, Humra anamkabidhi kisu chenye sumu: nenda kamuue. Usiku, kijana amelala, kisu mkononi... sisemi zaidi.

Kasoro? Tafsiri ni ya Kiingereza, tena ya nathari. Sisi tuliolelewa na vina na mizani tunasikia pengo: hadithi ipo, wimbo haupo. Wengine walishuku kuwa nyimbo zilichakachuliwa. Dušan Zbavitel, Mcheki mtaalamu wa fasihi ya Kibengali, akaliandikia kitabu kizima suala hilo mwaka 1963, akaona kwa jumla ni za wenyewe wanakijiji. Na nakala yangu gundi imeachia, tazama, karatasi hii inatoka yenyewe.

Nunua, ila usiruke utangulizi kama nilivyoruka mimi mara ya kwanza. Chandra Kumar yumo humo, kwenye jalada hayumo.