Randa Kuukuu za Kiboriloni: Bidhaa Njema, Tarehe za Kukisia

Katika miezi minne iliyopita nimefika mara tano kwenye kibanda kimoja cha vifaa vikuukuu vya useremala kilichoko upande wa Kiboriloni, mjini Moshi, na mara tatu kati ya hizo nimerudi nyumbani na randa. Kibanda chenyewe hakina jina mlangoni. Ndani yake kuna patasi, misumeno isiyo na mipini, majiliwa mawili yaliyoshikwa na kutu, na juu ya ubao mrefu randa za chuma na za mbao zisizopungua kumi, zikiwa na vumbi na mafuta ya miaka mingi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya fundi anayetaka randa ya kufanyia kazi na vilevile kwa yule anayependa kujua kifaa chake kilitoka wapi na lini, kwa sababu katika jambo la kwanza muuzaji anaaminika kabisa, ilhali katika jambo la pili haaminiki hata kidogo.

Kwa mzee huyu, randa yoyote iliyozeeka ni ya Mjerumani. Siku ya kwanza nilipomwamkia na kunyanyua randa ndefu ya chuma, aliniitikia na kuongeza bila kuulizwa, "Hiyo ya Mjerumani hiyo, fundi. Siku hizi hawatengenezi." Karibu na kirungu cha mbele palikuwa pameandikwa BAILEY kwa herufi zilizosubiwa pamoja na chuma chenyewe, na kilichokuwapo mkononi mwangu kilikuwa Stanley namba 5, yenye urefu wa inchi 14 na kisu cha upana wa inchi 2, randa ya Kimarekani kutoka New Britain, Connecticut. Leonard Bailey ndiye aliyebuni utaratibu wa kusogeza kisu kwa nati ya shaba, na kampuni ya Stanley ilinunua hataza zake, yaani haki zilizosajiliwa za uvumbuzi wake, mwaka 1869. Hata hivyo jina lake halikuanza kusubiwa hapo mbele hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo neno hilo peke yake lilikwisha kuondoa miaka zaidi ya thelathini ya mwanzo.

Niliomba mafuta ya taa na brashi ya waya, naye akanipa vyote viwili bila kunung'unika, jambo ambalo wauzaji wengi wasingelikubali kabla ya kuona fedha. Nilisugua sehemu iliyo nyuma ya kilalio cha kisu, yaani kile kipande cha chuma kilichoinama ambacho kisu hukiegemea, karibu na mguu wa mpini. Uchafu ulikuwa umeganda kama lami. Ilianza kuonekana APR-19-10, yaani Aprili 19, 1910, kisha juu yake AUG-19-02, na mwisho MAR-25-02. Mzee aliinama, akasoma mstari wa juu, akafurahi: "Si nilikwambia? Elfu moja mia tisa na mbili!" Hapo ndipo wengi wanapopotea. Hizo ni tarehe za hataza, si tarehe ya kutengenezwa kwa randa, na kinachosaidia ni ile ya mwisho, kwa kuwa chuma kinachotaja Aprili 1910 hakikuweza kusubiwa kabla ya hapo. Upande wa pili unafungwa na ukweli kwamba tangu mwaka 1919 hivi kampuni iliacha zile mbili za 1902 na kubakiza moja tu. Randa yenye tarehe zote tatu, kwa hiyo, ni ya kati ya 1910 na 1918. Kirungu cha mbele kilikubaliana na hesabu hiyo, kwani kilikuwa kifupi na cha mviringo. Virungu virefu vilikuja baadaye.

Mwili ulikuwa wa zamani, lakini viungo vilikuwa vya watu wengine. Kibano cha kisu kilikuwa na jina la STANLEY lililosubiwa juu yake na tundu lenye umbo la figo, na tundu la namna hiyo lilianza mwaka 1933. Kibano cha mwili huu kilipaswa kuwa kitupu, chenye tundu lililofanana na tundu la funguo. Kisu kiliandikwa Made in England, maana yake kilitoka Sheffield, ambako Stanley walianza kutengeneza randa mwishoni mwa miaka ya 1930. Mpini nao ulikuwa wa mninga, umechongwa kwa ustadi na seremala wa hapa hapa, tena kwa maoni yangu unashikika vizuri kuliko ule wa kiwandani. Mchanganyiko wa aina hii si udanganyifu, kwa kuwa randa ambayo imefanya kazi kwa miaka mia moja lazima ivunjike na kubadilishwa vipande. Ila bei haipaswi kupanda kwa sababu ya kipande kimoja kinachong'aa, na umri usomwe kwenye mwili, kwani kisu na kibano huhama kutoka randa hadi randa kwa dakika moja.

Randa ya pili niliyoinunua ni ya buluu, ya kampuni ya Record ya Sheffield, Uingereza, iliyoandikwa 04 badala ya 4, maana sifuri hiyo ya mbele ndiyo desturi ya Record tangu walipoingia katika biashara ya randa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mzee aliidhani kuwa mpya kwa sababu ya rangi.

Kinyume chake ndicho kilichonichekesha. Chini kabisa, chini ya gunia, kulikuwa na randa ya mbao yenye pembe mbele ya kushikia kwa mkono wa kushoto, na kwenye paji lake muhuri wa Ulmia, jina linalotokana na mji wa Ulm. Hiyo ndiyo ya Kijerumani kweli, na ndiyo aliyoiuza kwa bei ndogo kuliko zote, shilingi elfu kumi na tano, kwa kuwa "ni mti tu." Hata hivyo, muhuri huo hauthibitishi kwamba ililetwa zama za utawala wa Wajerumani, kwa maana kiwanda kiliendelea kuzitengeneza kwa miongo mingi baada ya wao kuondoka.

Kuhusu hali ya vifaa, sina lawama. Duka moja la Arusha, ambalo sitalitaja, liliwahi kuniuzia randa iliyopakwa rangi nyeusi ya kupendeza, na nilipoikwangua nikakuta ufa uliochomelewa kutoka mdomoni hadi ubavuni. Huyu mzee hapaki chochote. Kutu unaiona, ufa unauona, na ukiweka rula kwenye uso wa chini na kuielekeza kwenye mwanga hakuzuii. Namba 5 aliitaja kwa elfu tisini tukamalizana kwa elfu sitini na tano, bei ambayo naiona ya haki kwa mwili usio na ufa, hasa kwa kuwa baada ya kunoa kisu na kusawazisha uso wake kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo, ilitoa maranda membamba ya mkongo bila kurarua nyuzi.

Risiti hakuna. Malipo ni taslimu au kwa simu, na Jumapili hafungui kabla ya saa nane mchana, watu wakishatoka ibadani. Nenda na bisibisi yako mwenyewe, kwa sababu yake ina mdomo uliopinda na inaharibu skrubu za shaba.